Ununuzi wa Serikali na Fundi wa Dagoretti Corner

Mtu atokaye Nairobi mjini kwa Barabara ya Ngong, akiisha kupita Adams Arcade, hufika mahali paitwapo Dagoretti Corner, ambapo Barabara ya Naivasha hujitenga na kuelekea Riruta na Kawangware. Wakazi wa mji huijua Barabara ya Ngong kwa sababu ya mafundi seremala wafanyao kazi yao hadharani kando yake. Vitanda, makabati, meza na viti husimamishwa ukingoni ili mpita njia avione, na nyuma yake husikika sauti ya msumeno na randa. Barabara ilipopanuliwa, mafundi wengi waliokuwa wamejenga vibanda katika ardhi ya barabara iliwabidi wahame; lakini kazi yenyewe haikufa.

Wanunuzi wa mafundi hao ni wa namna nyingi. Yuko bwana anayetaka kuoa, yuko mama anayetaka kabati la vyombo, yuko mwenye hoteli anayehitaji viti 20 kabla ya Jumamosi. Lakini yuko mnunuzi mwingine ambaye mafundi wengi hawakumzoea, naye ana haja ya meza na viti kuliko hao wote, kwa kuwa ana shule, hospitali, mahakama na ofisi katika kila pembe ya nchi. Mnunuzi huyo ni Serikali. Somo hili lahusu namna anavyonunua, na masharti anayowawekea wale wanaotaka kumwuzia.

Mtu binafsi anunuapo kiti huangalia mambo mawili, bei na uimara. Haulizi kama kijana aliyekipiga msasa amelipwa mshahara wake, wala kama mwenye karakana amelipa kodi. Fedha ni zake, na hasara ni yake. Serikali haiwezi kufikiri hivyo, maana fedha inazotumia si mali yake, bali ni za watu wote, na miongoni mwa watu hao yumo yule kijana mwenye msasa. Ikiwa Serikali itanunua viti vya bei ndogo kabisa, na udogo wa bei hiyo umetokana na kumnyima kijana ujira wake, basi itakuwa imechukua kodi ya raia na kuitumia kumdhulumu raia.

Jambo hili si geni. Katika Uingereza ya karne ya 19 makandarasi walishindania zabuni za Serikali kwa kupunguza bei, na njia iliyo rahisi ya kupunguza bei ilikuwa kupunguza mishahara. Kandarasi aliyelipa vizuri alishindwa na yule aliyelipa vibaya. Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio kwamba mtu afanyaye kazi ya Serikali awalipe watu wake mshahara ulio wa kawaida katika kazi hiyo. Baadaye, mwaka 1949, Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa Mapatano Namba 94, yahusuyo masharti ya kazi katika mikataba ya serikali. Tanganyika iliyakubali mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kenya mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru. Ajabu ni kwamba Uingereza, iliyokuwa ya kwanza kulifikiri jambo hili, ilijitoa katika Mapatano hayo mwaka 1982.

Yafaa msomaji ajue yaliyomo, kwa maana tutayarudia baadaye. Mapatano yasema kwamba mkataba wenyewe baina ya Serikali na kandarasi uandikwe ndani yake kuwa mishahara, saa za kazi na mambo mengine ya wafanya kazi hayatakuwa duni kuliko yale yaliyo desturi kwa kazi ya namna hiyo katika wilaya hiyo. Sharti hilo limfuate hata kandarasi mdogo aliyepewa sehemu ya kazi na kandarasi mkubwa. Matangazo yabandikwe mahali pa kazi ili wafanya kazi wajue haki yao. Daftari la mishahara litunzwe. Na ikiwa kandarasi hakuwalipa watu wake, Serikali yaweza kuizuia sehemu ya malipo yake ili watu hao wapate ujira wao.

Katiba na Sheria ya Kenya

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ina kifungu cha 227 juu ya ununuzi wa umma. Kifungu hicho chataka ununuzi uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa kushindania, na wenye gharama inayofaa. Kisha kikaliruhusu Bunge kutunga sheria itakayowapendelea watu waliokwisha kuonewa katika ushindani wa zamani, na itakayowaadhibu wale wasiolipa kodi, wala rushwa, na wanaovunja vibaya haki za wafanya kazi. Sheria hiyo, yaani Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, ilianza kutumika tarehe 7 Januari 2016.

Sheria ina milango miwili, na ni vizuri kuitofautisha. Mlango wa kwanza ni wa kuzuia. Kifungu cha 55 chasema nani anastahili kuleta zabuni. Asiwe mufilisi. Asiwe amefungiwa zabuni na Serikali, na kufungiwa huko huwa kwa muda usiopungua miaka 3. Awe ametimiza wajibu wake wa kodi. Asiwe amehukumiwa kwa rushwa au udanganyifu. Na mwisho, asiwe na hatia ya kuvunja vibaya sheria za kazi.

Mlango wa pili ni wa kukaribisha. Kila afisi ya umma, ikiwa ni wizara, kaunti, hospitali au shule, ipangapo ununuzi wake wa mwaka hapana budi itenge asilimia 30, au zaidi, ya fedha hizo kwa ajili ya biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango huu ulianza mwaka 2013, kabla ya sheria yenyewe, na wafanya biashara huujua kwa jina la AGPO. Kijana maana yake ni mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 35. Ikiwa ni kampuni au kikundi, asilimia 70 au zaidi ya wenye mali wawe wa jamii hizo, na viongozi wote pia.

Watu wengine hunung'unika kwamba upendeleo huu ni kinyume cha ushindani. Lakini mtu na afikirie jinsi mambo yalivyokuwa. Siku za ukoloni vitu vingi vya Serikali vilinunuliwa London kwa njia ya Crown Agents, na fundi wa Kiafrika aliyeweza kutengeneza kabati jema hakuwa na njia ya kumfikia mnunuzi huyo. Baada ya uhuru zabuni zilitangazwa, ila zilikuwa na masharti ambayo mtu mdogo hakuyaweza: dhamana ya benki, barua za ushahidi wa kazi kubwa alizozifanya zamani, hesabu zilizokaguliwa. Mtu ambaye hajawahi kupewa kazi atatoa wapi ushahidi wa kazi aliyopewa? Kwa hiyo ushindani ulikuwa wa watu wachache waliojuana.

Sheria ya mwaka 2015 ililegeza jambo moja kubwa hapo. Biashara ndogo na zile za jamii zilizotajwa hazidaiwi dhamana ya benki waletapo zabuni. Badala yake hujaza fomu ya ahadi kwamba hawatajiondoa wakipewa kazi. Akijiondoa, hufungiwa. Kwa seremala ambaye mtaji wake wote ni mbao alizozirundika nyuma ya kibanda, tofauti hiyo si ndogo.

Mfano mwema wa ununuzi wa namna hii ulionekana mwaka 2020. Shule zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kununulia madawati ya shule, ikaagiza yatengenezwe na mafundi wa jua kali wa huko huko zilipo shule. Ingaliweza kuagiza madawati hayo kwa kampuni chache zenye mashine kubwa, na labda yangalifika upesi zaidi. Lakini wakati ule wateja wa kawaida walikuwa wameadimika, na fedha zile ziliwafikia watu waliokuwa wamekaa mbele ya vibanda vyao bila kazi. Shilingi moja ilinunua dawati, na shilingi ile ile ikampa fundi riziki katika mwaka mbaya.

Matatizo Yaliyopo

Isije mtu akadhani kwamba mambo yote yamenyoka kwa kuwa sheria imeandikwa. Yako mashaka, na mengine ni makubwa.

La kwanza ni la majina. Mtu tajiri asiyestahili sehemu ile ya asilimia 30 humwendea kijana au mama, akamwambia atumie jina lake katika karatasi, na kazi ikipatikana humpa kiasi kidogo cha kumnyamazisha. Karatasi zasema biashara ni ya mama fulani, lakini mama huyo hajui hata ni madawati mangapi yaliyouzwa. Kumdanganya ofisa wa ununuzi ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Anayeazima jina lake na akumbuke kwamba sahihi iliyo katika fomu ni yake, wala si ya yule tajiri.

La pili ni malipo, na hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo wengi walipoangamia.

Tuseme fundi mmoja wa Dagoretti Corner amepewa kazi ya madawati 100 kwa shilingi 4,000 kila moja, jumla shilingi 400,000. Hesabu hii ni ya mfano tu. Mbao, misumari, gundi na vanishi zitamgharimu shilingi 250,000. Ujira wa wasaidizi wake ni shilingi 70,000, na gari la kupeleka shilingi 15,000. Faida yake itakuwa shilingi 65,000, nayo si haba. Ila hana zile shilingi 250,000 za mbao, kwa hiyo amekopa kwa riba ya shilingi 3 kwa kila 100 kwa mwezi, yaani shilingi 7,500 kila mwezi. Akilipwa mwezi wa pili, faida yake ni shilingi 50,000. Akilipwa mwezi wa sita, zimebaki 20,000. Ikifika miezi tisa, riba imekuwa shilingi 67,500, nayo imeimeza faida yote na kudai zaidi. Fundi huyo ametengeneza madawati mazuri, ameshika masharti yote, naye ni maskini kuliko siku aliyoipata zabuni. Pengine aliyemkopesha amekwisha kuchukua mashine yake ya randa.

Jambo hili si la kubuni. Madeni ya Serikali kwa watu walioiuzia vitu yalirundikana hata mwaka 2023 ikaundwa kamati maalum ya kuyachunguza yale yaliyokuwa tangu Juni 2005 hadi Juni 2022. Miaka 17! Kampuni kubwa yaweza kungoja, maana ina kazi nyingine na benki huijua. Biashara ya kijana au ya mama haiwezi. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuwainua imekuwa mara nyingine mtego wa kuwaangusha, si kwa ubaya wa sheria bali kwa uzito wa mkono wa mweka hazina. Kifungu cha 140 chasema kwamba, isipokuwa mkataba umesema vingine, afisi ya umma inayochelewesha malipo itoe riba juu ya deni hilo. Ni mafundi wachache waliopata kuidai, kwa kuwa wanaogopa wasije wakanyimwa kazi nyingine. Woga huo waeleweka. Lakini afisi ya umma imtakayo kandarasi awe mwaminifu katika kodi na katika mishahara, nayo isiposhika ahadi yake yenyewe ya kulipa, itamfundisha nini?

La tatu halisemwi sana, nalo ni la yule kijana mwenye msasa. Msomaji atakumbuka kwamba kifungu cha 55 chamzuia mtu mwenye hatia ya kuvunja sheria za kazi. Maneno hayo ni mema, lakini hatia ni lazima ithibitishwe, na kijana anayelipwa shilingi chache kwa siku katika kibanda cha Barabara ya Ngong aghalabu hana uwezo wa kwenda mahakama ya kazi. Kwa hiyo mwajiri wake huingia katika zabuni akiwa safi katika karatasi. Vivyo hivyo ile asilimia 30 huangalia ni nani mwenye biashara, wala haimwangalii anayeshika randa. Yawezekana mwanamke akapata zabuni kwa haki yake yote, na huku wasaidizi wake wanalala na njaa.

Hapa ndipo yale Mapatano ya mwaka 1949 yanapofaa. Yenyewe hayangoji hukumu. Yataka sharti la mishahara liandikwe katika mkataba, na tangazo libandikwe mahali pa kazi, na ikiwa ujira haukulipwa, afisi iuzuie katika malipo ya kandarasi na kuwapa wenye haki. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule anayenunua madawati 100 aweza kufanya hivyo bila kungoja sheria mpya. Aandike katika hati za zabuni, kabla ya kutangaza, kwamba mishahara isiwe chini ya ile iliyowekwa na Serikali kwa kazi hiyo katika Nairobi, na kwamba daftari la mishahara litaonyeshwa pamoja na ankra. Akiandika baada ya kutangaza atakuwa amewadhulumu walioleta bei bila kujua.

Kwa kweli sharti hilo litaongeza bei kidogo. Dawati la shilingi 4,000 labda litakuwa la shilingi 4,200. Mkaguzi akiuliza sababu, jibu liwe limeandikwa tayari.

Mbao nazo zahitaji neno moja. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo hilo halikuondolewa hata mwaka 2023. Katika miaka hiyo mbao zilipanda bei, na mafundi wengine walinunua mbao bila kuuliza zilikotoka. Afisi inayonunua samani ina haki ya kuuliza, na fundi awe na risiti ya muuza mbao.

Kwa Fundi Anayetaka Kujaribu

Fundi aliye na umri wa ujana, au fundi mwanamke, au aliye na ulemavu, kwanza aandikishe jina la biashara yake. Kisha apate namba ya kodi na hati ya kuonyesha kwamba hana deni la kodi. Mwenye ulemavu ahitaji pia kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Akiwa na hayo aombe hati ya AGPO kwa Wizara ya Fedha. Hati hiyo haiuzwi, na mtu ye yote anayedai fedha ili kumpatia fundi hati hiyo ni laghai. Hudumu miaka 2, kisha huombwa tena, na wengi wamepoteza kazi kwa kusahau tarehe.

Asiombe kazi iliyo kubwa kuliko mfuko wake. Fundi aliyezoea kutengeneza meza 5 kwa mwezi asikimbilie madawati 500 kwa kuwa ameona tarakimu inayometameta. Akipata hati ya kuagiziwa mali, ile waiitayo LPO, asikimbilie mkopeshaji wa mtaani. Hazina ya Wanawake na Hazina ya Vijana zilianzishwa kwa watu kama yeye, nazo hukopesha juu ya hati hiyo. Msaidizi atakayemfanyia kazi kwa miezi 3 au zaidi ampe mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 itakavyo, hata ikiwa ni karatasi moja tu.

Akiona kwamba zabuni imetolewa kwa njia isiyo halali, ana siku 14 tangu apate barua ya kuarifiwa kuyapeleka malalamiko yake mbele ya Bodi ya Kupitia Maamuzi ya Ununuzi wa Umma, nayo Bodi hupewa siku 21 kutoa uamuzi. Siku hizo hupita upesi, basi barua isikae mfukoni.

Na siku atakapopeleka madawati, asiondoke shuleni hata karatasi ya kupokelewa mali itiwe sahihi, muhuri na tarehe, idadi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Ankra aipeleke siku ile ile, nakala yake itiwe muhuri vile vile, na nakala hiyo aiweke nyumbani, si kibandani penye vumbi la mbao na mvua. Siku za deni zitahesabiwa tangu muhuri ule.